Chakula cha Kasaji

Mvua ilianza saa sita na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Latifa alikaa barazani huku macho yakijifumba yenyewe, mbele yake mbwa amelala juu ya gunia, tumbo limeshonwa kwa nyuzi nyeusi. Kila aliposinzia alimwona akitembea juu ya reli, polepole, akirudi Kasaji alikozaliwa. Alimwita, lakini mbwa hakugeuka.

Kasaji ndilo lilikuwa jina lake pia, maana Bilali, mume wa Latifa, alimnunua huko, akamleta Kolwezi kwa treni ndani ya tenga la kuku. Bilali ndiye aliyemlisha miaka yote minane. Latifa, binti wa mwalimu wa Korani, alimtupia mifupa kwa mbali na kukunja kitenge chake akipita. Basi Mungu naye ana mizaha yake: sasa Bilali na lori lake wamekwama kwenye matope ya njia ya Sandoa, na mgonjwa kabaki mikononi mwa asiyemgusa.

"Uvimbe tulitosha yote inje, mama," Mukalay, daktari wa wanyama, alimwambia asubuhi. "Lakini imbwa iko na siku tatu haikule. Kama haikule leo, itakufa. Umupatie na mukono."

"Na mukono yangu?"

"Sasa na ya nani?"

Sahani ya bukari, ugali wa kwao, na mchuzi wa samaki ilikuwa imepoa bila kuguswa. Latifa aliitazama kwa hofu. Mwaka ule wa vita, mume akiwa mbali, mbwa huyu ndiye aliyelala mlangoni pake hadi risasi ziliponyamaza. Alimpenda, na hakuwahi kumwambia mtu.

Akamega tonge, akalichovya, akalipeleka mpaka puani. Mvua ilivuma kwenye mabati. Hakujua tena kama yu macho au yumo ndotoni, kwenye reli. Ulimi ukatoka, wa moto, mkavu, ukalamba tonge, ukalamba na vidole vyote. Kasaji alikula.

Latifa alicheka peke yake, machozi yakimtoka. Kisha, kwa kuwa sala ya alasiri ilikaribia, akaenda uani, ndani ya lupango lao, kwenye mchirizi wa bati kunawa kama baba yake alivyomfundisha: mara saba, moja kwa udongo. Alikuwa kwenye ya saba aliposikia mkia ukipiga gunia. Mbwa ameinua kichwa, anamtazama, anataka tena.

Latifa akautazama mkono wake uliotakata.

"We imbwa, utamaliza udongo yote ya hii lupango," akasema, akamega tonge la pili.