Mfuniko wa Langoni

Katika nchi ya Kwelekwa, ambayo wachora ramani huiacha nyeupe, ulikuwapo mji wa Sitarani. Ulijengwa juu ya kilima kimoja tu, nyumba zake zimepangwa kutoka kileleni hadi topeni kama watu wanavyopangwa karamuni kutoka kwenye sinia la nyama hadi mlangoni penye viatu. Kileleni ulikuwa mtaa wa Roshani, majumba kumi na mawili ya mawe, makongwe kiasi kwamba chokaa yake ilikuwa imekuwa ngumu kuliko mawe yenyewe. Chini kabisa palikuwa Kitopeni, nyumba mia tatu za udongo zilizoegemeana kama walevi wanaorudi kwao. Kilichouunganisha mtaa wa juu na wa chini hakikuwa barabara, kwa kuwa barabara ya Roshani ilizunguka upande wa pili wa kilima ili wenyewe wasilazimike kuitazama Kitopeni, wala hakikuwa damu, kwa kuwa ndoa baina yao ilikatazwa. Kilikuwa bomba.

Bomba hilo kuu la majitaka lilikuwa la udongo wa kuchoma, vipande vya urefu wa hatua moja vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine na kuzibwa kwa chokaa, na lilikuwa na umri wa miaka mia moja na ishirini. Lilianzia chini ya jumba la mtawala, likakusanya ya majumba mengine kumi na moja, likapita chini ya sakafu za Kitopeni likiokota kidogo walichokuwa nacho, likaingia chini ya mkuyu mkubwa wa langoni, na baada ya mkuyu likageuka kuwa mtaro wa matofali, mpana kiasi cha mtu kutambaa kwa tumbo, uliomwaga gengeni nje ya ukuta. Waliolijenga walilisafisha kila mwaka kabla ya masika, kwa mianzi na kulabu, bila haya. Wajukuu wao waliacha, kwa sababu kusafisha ni kukiri kwamba umechafua, na kwa mujibu wa sheria Roshani haikuwa na uchafu. Kilichotoka majumbani mwao kiliitwa "yateremkayo", na watoto wa Kitopeni walifundishwa kushukuru kwa kupelekewa.

Kila jumba la Roshani lilikuwa na kilango cha shaba kwenye mdomo wa bomba lake, kilichofunguka kwa kinachotoka na kujifunga kwa kinachotaka kurudi. Kitopeni haikuruhusiwa vilango. Kilango kilikuwa alama ya cheo, kama fimbo yenye kichwa cha fedha. Basi bomba lilipojaa, maji yalipanda kupitia matundu ya sakafu za Kitopeni, yakatulia vyumbani, na Roshani haikusikia hata harufu.

Na bomba lilikuwa likijaa kila mwaka zaidi, kwa sababu ya mkuyu. Mkuyu huo ulipandwa na mwasisi wa mji, na haukupukutika hata mwaka wa ukame mkubwa. Washairi wa Roshani waliandika kwamba unanyweshwa na uadilifu wa watawala. Wazibuaji, yaani watu wa ukoo mmoja wa Kitopeni waliorithishwa kazi ya kuzibua bomba, walijua unanyweshwa na nini: mizizi yake ilikuwa imeingia kwenye maungio, kwanza nyembamba kama nywele, kisha minene kama paja. Nywele waliruhusiwa kuzinyoa. Mapaja yalikuwa na sheria yake: asiye wa damu ya mwasisi asiuguse mkuyu kwa chuma, tawi wala mzizi, na mtawala atakayeruhusu mwingine aukate si mtawala tena.

Wazibuaji nao walikuwa na desturi zao tatu. Huingia kwa mlango wa nyuma, na salamu zao haziitikiwi. Husema jambo mara moja tu, kwa kuwa la pili huhesabiwa ufidhuli. Na mfuniko wa chemba, yaani shimo la kuingilia bombani, usikae wazi mgeni anapopita, hata kama mtu yumo ndani.

Mize alizishika zote tatu kama mtu anavyoshika pembe ya meza gizani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mrefu, asiyependa maneno mengi, na kamba ya kazi ya ukoo ilikuwa mikononi mwake tangu mumewe Pandu afe. Kamba hiyo ilikuwa na fundo kila hatua. Kutoka chemba ya langoni hadi ilipo mizizi yalikuwa mafundo tisa. Pandu alikuwa kwenye fundo la tisa, akinyoa nywele, siku ambayo mabibi wa Roshani walipitia langoni na vikapu vyao vya maua. Mfuniko ukafungwa. Mizizi ikaachia kidogo, maji yaliyokuwa nyuma yake yakaja yote, na aliyeshika kamba hakuwa na mahali pa kumvutia. Pandu aliokotwa gengeni. Mabibi waliambiwa kulikuwa na ngurumo.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya masika, maji yalikwishapanda kiasi cha unene wa kidole kwenye chumba ambacho Kazija, binti yake wa pekee, alikuwa amelala akisubiri kujifungua. Miguu ya Kazija ilikuwa imevimba, na mkunga alikuwa amesema asibebwe wala asihamishwe. Mize aliinua kitanda kwa matofali mawili kila mguu, akapima kutoka sakafuni hadi godoroni, akapima na mwendo wa maji kwa siku nne. Hakuhitaji kulia ili ajue. Mvua ya kwanza kubwa ingefika godoroni.

Akapanda Roshani kwa njia ya nyuma. Msarifu wa jumba, bwana mmoja aliyeitwa Simai, alimpokea jikoni akiwa na orodha ya sahani mkononi. Mize akatoa shikamoo, haikuitikiwa, akasema neno lake moja.

"Mizizi ya mkuyu imeziba robo tatu ya bomba. Isipokatwa kabla ya mvua, Kitopeni itajaa. Na Kitopeni ikikataa kujaa, vilango vyenu vitajifunga, na kilango kilichofungwa na maji ya nje hakitoi ya ndani."

Simai alielewa sehemu ya kwanza, kwa sababu ilitokea kila mwaka. Ya pili aliiona kama hesabu ya chuo. Alieleza, bila kuinua macho kutoka kwenye orodha, kwamba Mlezi Fakhari, mtawala wa Sitarani, anatarajia ujumbe wa nchi ya Mbelewele, watu mia mbili, wanaokuja kujifunza namna mji unavyoweza kuishi bila uchafu; si wiki ya kumpelekea mtu habari za mizizi.

"Yateremkayo yateremke," alisema. "Nyinyi mmezoea."

Mize hakurudia. Alirudi Kitopeni, na jioni hiyo alipita nyumba kwa nyumba. Hakuna sheria iliyokataza Kitopeni kuziba matundu ya sakafu zake. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba wangethubutu kuacha kupokea. Aliwaonyesha namna ya kusokota makumbi ya nazi, kuyachovya kwenye chokaa na kuyagongomea tunduni, kisha kupindua kinu juu yake na kukilemeza kwa mawe ya kusagia. Kwa siku ambazo mvua ingenyesha watu wangechimba vishimo vya haja nyuma ya nyumba, kama mababu zao. Jirani yake Bi Sanura, ambaye makalio yake yalikuwa mada ya mtaa mzima, alisema yeye hahitaji mawe.

"Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba haya hayana faida kwa taifa," alisema, akakaa juu ya kinu chake. "Leo taifa lijaribu kunyanyuka."

Watu walicheka, lakini katika nyumba zote mia tatu walicheka huku wakigongomea. Kazija, kutoka kitandani, aliuliza kama Roshani hawatajua.

"Watajua, mwanangu," Mize alisema. "Nimewaambia."

Mvua ilianza siku ambayo wageni wa Mbelewele walifika, ikanyesha siku tatu. Maji hayana chuki wala heshima. Hupanda hadi yapate upenyo. Yalijaza bomba chini ya Kitopeni, yakajaribu matundu mia tatu na kukuta vinu mia tatu, yakapanda kilima kipande kwa kipande hadi yakafika kwenye vilango vya shaba, ambavyo vilijifunga barabara, kwa kuwa vilikuwa vya kazi nzuri. Nyuma ya vilango hivyo, majumba kumi na mawili yalikuwa yakila, yakioga na kwenda haja kwa idadi ya wageni mia mbili. Hakuna tone la Kitopeni lililoingia Roshani. Kilichopanda kwenye marumaru, kikainua mazulia, kikaelea na mito ya hariri chini ya meza ya karamu mchana kweupe wa siku ya tatu, kilikuwa chao wenyewe, na hawakuwa na neno la kukiita. Kiongozi wa wageni aliinua miguu yake juu ya kiti na kuendelea kutafuna kwa adabu. Kisha akauliza hii ni nini. Akajibiwa kuwa ni desturi.

Simai aliteremka Kitopeni mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, kanzu ameikunja hadi magotini. Akamsalimu Mize kwanza. "Hujambo, Bi Mize?" Mize alimtazama kama mtu anayepima kina cha shimo. Akachukua kamba na msumeno wa Pandu, akaenda langoni.

Mlezi Fakhari alikuwa amekwisha kufika chini ya mkuyu pamoja na wakuu kumi na mmoja wa majumba mengine, kila mmoja akinuka na kila mmoja akijitenga hatua mbili na mwenzake kana kwamba harufu ni ya jirani. Mvua ilikuwa imekatika. Mlezi aliamuru mizizi ikatwe. Mize aliinua mfuniko wa chemba ya langoni, ile iliyo baada ya mkuyu, ambako mtaro ulikuwa umekaribia kukauka, akauegemeza kando. Akaweka msumeno juu ya jiwe, mpini umemwelekea Mlezi.

"Mimi si wa damu ya mwasisi," alisema.

Mlezi akawageukia wakuu. Alisema kwamba katika dharura mtawala anaweza kuruhusu. Wakuu walitazamana. Wote walikuwa na wana waliokuwa na umri wa kutawala, na binamu zake hao wa damu ya mwasisi walikuwa wamepoteza mazulia yao kwa sababu ya karamu yake. Mkubwa wao alisafisha koo akasema, kwa huzuni ya mtu anayeficha furaha, kwamba sheria ni sheria, na kwamba Mlezi atakayemruhusu mwingine aukate mkuyu anajua kiti chake kitakuwa cha nani. Ila wao hawashiki msumeno. Kiti ni chake, na kazi ni ya mwenye kiti.

Fakhari alikuwa mwoga, lakini alikuwa mwoga zaidi wa kukosa kiti. Akavua joho. Mize alimfunga kamba kiunoni kwa fundo lile lile alilomfunga Pandu miaka mingi, akamweleza anavyopaswa kuelezwa mtu wa kazi hiyo: atatambaa mafundo tisa; akate mzizi mnene wa kushoto kwanza; nyuma ya mizizi pamesimama maji ya kilima kizima, na yatakapoanza kupenya yatanguruma kabla ya kuja.

"Yakinguruma, vuta kamba mara mbili. Nitakutoa."

"Utanitoa, Bi Mize?" Mlezi aliuliza.

Mize akakaza fundo. Mlezi akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, na wakuu wakaangalia pembeni, kwa maana kila mmoja wao alijua kwamba mzibuaji husema jambo mara moja. Mlezi akaingia.

Mafundo yalipita kiganjani mwa Mize moja moja. La tatu, la sita. La tisa lilipofika, kamba ikasimama, kisha ikaanza kutetemeka kwa msumeno: taratibu, ukisimama, ukianza. Mshika msumeno hakuwa hodari lakini alikuwa anakata. Kutoka Kitopeni mtu alikuja mbio akasimama mbali, akamwonyesha Mize kwa ishara ya mikono kwamba mkunga wa Kazija ameagiza maji ya moto. Sakafu ya chumba ilikuwa kavu.

Hapo zikasikika ngoma. Wageni wa Mbelewele walikuwa wameamua kuondoka, na mji una lango moja. Walikuja wakiteremka na miavuli yao, mia mbili, viatu mikononi, kiongozi wao mbele akitabasamu kwa watu wote sawasawa.

Simai, kwa mazoea ya miaka ishirini, akainama karibu na sikio la Mize akanong'ona, "Bi Mize, wageni." Kisha akasikia alichosema.

Wakuu wote kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuutazama mfuniko. Hakuna aliyesema ufungwe. Hakuna aliyesema usifungwe. Mmoja baada ya mwingine waligeuka na kuutazama mkuyu, wakasifu majani yake.

Mize alibaki na kamba mkono wa kulia na mguu wa kushoto kando ya ukingo wa mfuniko. Wageni walikuwa hatua ishirini, wakawa kumi na tano. Chini ya nyayo zake ardhi ilianza kunguruma, kwa mbali, kama tumbo la mtu aliyekula asichokijua. Kamba ikavutwa mara moja.

Akangojea ya pili.