Mama Pasi Apanda Daraja

Saa mbili na robo kila asubuhi, kabla mkuu wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa hajavua koti lake, Fundi Waya alikuwa ameshakung'uta makombo ya mkate kwenye kibodi na kufungua dirisha jeusi kwenye skrini. Ndani yake hamkuwa na picha wala vitufe, ila mstari mmoja uliopepesa ukingoja amri. Fundi Waya aliandika jina la mchezo, akaacha nafasi, akapiga vistari viwili, akaandika jina la faili, akabonyeza. Ndipo mkuu alipoketi, na kazi ya siku ikawa imeanza.

Hapo zamani mchezo ulikuwa na alama yake kwenye skrini, wa kubofya tu. Wakaguzi kutoka makao makuu walipopita waliifuta, wakaandika ripoti, wakaondoka wakijisifu. Mchezo wenyewe hawakuugusa. Fundi Waya, anayetunza kompyuta za ofisi, aliona hapo ndipo pa kujipendekeza, akamwonyesha mkuu mlango wa nyuma. Jitu zima la miaka hamsini na tatu, lenye muhuri na wino mzito, lilipiga makofi kama mtoto aliyeona puto.

Ulikuwa mchezo wa vita vya wachawi, mazimwi na mifupa itembeayo, ramani yake imekatwakatwa vyumba vya pembe sita. Unasogeza askari wako mmoja mmoja, unamaliza zamu, adui naye anasogeza wake. Wewe huna haraka, na ofisi ile haraka haikuijua. Askari anayeua hupanda daraja, na anayekufa hufutwa. Mkuu alikuwa na lalamiko moja tu. Askari wake waliitwa Mkuki wa Kwanza, Mkuki wa Pili, na yeye alitaka watu wenye majina.

"Hayo madogo, mkuu," alisema Fundi Waya.

Kutunga majina thelathini ni kazi, na Fundi Waya na kazi ni mbingu na ardhi. Kwenye kompyuta ile palikuwa na faili moja tu lililojaa majina, la waombaji waliokuwa wakingoja saini. Akaliweka hilo mwishoni mwa amri, akaenda kunywa chai.

Siku hiyohiyo waombaji waliokaa kwenye benchi la ukumbini walianza kuwa na tope viatuni. Nje jua lilikuwa linawaka. Mwalimu mmoja mstaafu alitoka kwenda chooni akarudi na mshale begani. Mfagiaji alilalamika kuhusu tope, na karani wa dirishani akabandika karatasi ya kuwaomba waombaji wakung'ute miguu kabla ya kuketi. Mwalimu aliuliza kama mshale ungemzuia kupata huduma. Karani akamwambia hapana, ila asimchome jirani.

Katikati ya benchi aliketi Mama Pasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyenyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa kwa miaka ishirini, na mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Alikuja kuchukua cheti cha binti yake. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Bila cheti nafasi ingepewa mwingine. Fomu ilikuwa kamili, picha zimebandikwa, mashahidi wametia dole gumba. Ilibaki saini ya mkuu, mkwaruzo wa kalamu tu.

Siku ya kwanza alijikuta ana mkuki mapajani. Siku ya tatu aliua mifupa miwili akiwa ameketi, akapanda daraja la pili. Wiki ya pili aliangusha zimwi kwenye daraja la mto, akapanda la tatu, na mwanga wa dhahabu ukamzunguka kichwani mpaka wakati wa chakula cha mchana. Waliokaa naye walimpongeza, kisha wakasogea kidogo, maana mwanga ule ulikuwa na joto.

Jumatatu ya wiki ya mwisho karani alimpelekea mkuu fomu yake.

"Huyu? Huyu haondoki," mkuu alisema, macho kwenye skrini. "Nikisaini jina linatoka kwenye faili. Likitoka kwenye faili, nani atanishikia daraja? Wewe?"

"Anasema Ijumaa ndiyo mwisho, mkuu."

"Na mimi Ijumaa nina ngome ya kuteka. Niletee wale wasiojua kupigana, niwasainie."

Akasainiwa kijana mmoja aliyekimbia kila vita, na bibi harusi mtarajiwa ambaye mkuki ulimponyoka hata pasipo adui. Walitoka na vyeti vyao wakicheka. Mama Pasi aliwatazama, akamfuata Fundi Waya kwenye chumba cha nyaya.

"Mwanangu, nasikia wewe ndiye unayeandika ile amri."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nifute humo. Mimi kupigana sikuomba. Nimeomba cheti."

Fundi Waya alikuna kisogo. Kufuta jina lilikuwa jambo la mstari mmoja. Angeweza kuliandika huku anapiga miayo. Alijua, na aliyajua pia majina ya watu wote kwenye benchi, maana ndiye aliyewapeleka vitani.

"Mama, mimi ni mtu mdogo tu hapa," alisema.

"Udogo huo umeuchagua mwenyewe," alisema Mama Pasi, akarudi kukaa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, alikufa. Zimwi lenye rungu lilimkuta peke yake kwenye chumba cha pembe sita kilichozungukwa na maji. Mkuu alipiga kelele, akafungua mchezo aliouhifadhi kazi ilipoanza, na asubuhi ikarudi nyuma. Ikawa tena saa mbili na robo. Mfagiaji akafagia tena, karani akafungua tena dirisha, chai iliyokwisha kunywewa ikarudi kwenye vikombe. Uchovu ndio haukurudi ulikotoka. Watu waliubeba wa asubuhi mbili. Hakuna aliyenung'unika isipokuwa mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa ameshachomoa ule mshale, na sasa ulikuwapo tena.

Ijumaa mkuu hakula. Ngome ilikuwa mbele yake, na langoni limelala joka. Saa nane na nusu alimsogeza Mama Pasi mbele peke yake, ili joka limgeukie, na wapiga mishale wapite pembeni. Hakumwuliza. Nani humwuliza askari? Akabonyeza kumaliza zamu. Kule kwenye benchi Mama Pasi alisimama, akashika mkuki kwa ule mkono mnene, akaketi tena, na kifuani pake palikuwa na tundu jeusi, kingo zake zinafuka moshi.

Ngome ikatekwa. Mkuu akahifadhi ushindi juu ya michezo yote ya nyuma, akatoka ukumbini mikono juu. Wafanyakazi wakapiga makofi, Fundi Waya kwa nguvu zaidi. Debe tupu likivuma, hakosekani mpumbavu wa kulichezea ngoma.

Printa ya karani ilitoa karatasi moja. Karani akaisoma mara mbili.

"Mama, ombi lako limefungwa. Linasema mwombaji amefariki."

"Lakini nipo hapa, mwanangu."

"Nakuona, mama. Kwenye orodha ndiko hupo. Pole sana."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Mama Pasi aliingia kwa mkuu bila kubisha hodi. Maiti wana haki hiyo.

"Baba, jana uliirudisha asubuhi. Irudishe na leo. Nikiwa hai dakika moja, unanisainia, nakwenda. Chuo kiko mtaa wa pili, mwanangu ananisubiri getini."

Mkuu alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza kuonekana katika ofisi ile mwezi mzima.

"Niirudishe leo? Mama, leo nimeshinda! Unajua nimehangaika wiki ngapi na lile joka?" Akapunguza sauti, akawa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Ila ulipigana vizuri. Nisingekuwa na wewe nisingefika."

"Najua," alisema Mama Pasi.

Saa ikagonga tisa. Akachukua mkoba wake, akautegemeza mkuki ukutani kando ya benchi, akaenda getini kumwambia binti yake.

Jioni alinyoosha mashati kumi na mawili. Wateja hawakujali kwamba alikuwa amekufa, kwa kuwa kola zilisimama vizuri, na mkaa ulipozimika alipuliza kwa lile tundu la kifuani. Binti alikaa mlangoni. Nafasi yake chuoni ilikuwa imeshapewa mwingine, naye angeomba upya mwakani. Kwa sasa alihitaji cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha mama yake, na vyote viwili vilihitaji saini ileile.

Jumatatu saa mbili na robo Fundi Waya alikung'uta makombo. Akaandika jina la mchezo, akaacha nafasi, akapiga vistari viwili, akaandika jina la faili. Safari hii aliisoma orodha mpaka mwisho, akaona jina la mwisho, kidole chake kikakaa juu ya kibodi kitambo. Kisha akabonyeza.

Mkuu aliketi, akapitisha macho kwenye jeshi lake jipya.

"Daraja la kwanza wote," alisema kwa uchungu. "Unamfundisha mtu vita, anakufa, unaanza na mwanawe."

Ukumbini, karani alimpa binti namba, akamwonyesha nafasi katikati ya benchi. Alimwomba akung'ute miguu kabla ya kuketi.