Daftari Lisilo na Mahali pa Waliochoka

Naandika haya kwa akina mama wenye mabinti wakubwa, hasa nyinyi ambao kila mara mnaitwa mbele kuomba. Mimi si mwalimu. Shule niliishia msingi, na hata sasa sijui vizuri kilichotupata ni kitu gani. Lakini nilipokosea napajua, na nitapasema kama palivyo, ili mwenzangu usipite hapo hapo.

Mimi ni dobi wa hospitali, nafua mashuka. Kanisani ni katibu wa kikundi cha maombi cha wanawake, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi ya katibu ni kushika daftari. Lina safu nne nilizopiga kwa rula: wagonjwa, wafiwa, wasafiri, na waliorudi nyuma, yaani walioacha wokovu. Mtu akileta haja yake naiandika kwenye safu yake, na Alhamisi mwenyekiti anasoma jina kwa jina, tunaomba. Wenzangu wananiita Mama Daftari. Sitasema uongo, jina hilo nililipenda.

Sasa mwaka huu kuna kitu kiliniingia. Nikianza kuomba maneno yanatoka yote, lakini ni kama nakunja mashuka. Mkono unajua kazi, mwenyewe sipo. Siku moja, saa ya mapumziko, niliomba kwenye chumba cha pasi kwa ajili ya mama mmoja mwenye mguu mbovu. Niliomba hadi jasho likanitoka. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka yule mama tulishamzika, na masufuria ya msibani niliosha mimi. Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika.

Sikumwambia mtu. Nilidhani dawa ni kuongeza. Nilikuwa nafunga Jumatano, nikaongeza na Ijumaa. Ndiyo kwanza nikazidi kukauka. Nikawa najiuliza, Mungu kanikasirikia? Au mimi ndiye niliyeondoka bila kujijua? Au ni presha tu, na umri? Leo nikijibu hivi, kesho najibu vile.

Ndipo binti yangu aliponijia. Yeye ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea barabara ya pili kutoka nyumbani, ila bado tunaishi wote. Jumamosi mchana tulikuwa tunakunja nguo zetu, yeye kashika ncha mbili za shuka na mimi mbili, akasema bila kuniangalia:

"Mama, mimi nimechoka na maombi."

"Umechoka vipi?"

"Sijui. Naomba, naona naongea na ukuta. Nikiwa kanisani natamani iishe nirudi nyumbani. Siyo kwamba Mungu simtaki. Nimechoka tu." Hapo akaniangalia. "Wewe huwa inakutokea?"

Wenzangu, hapo ndipo nilipokosea. Mtoto ananiuliza jambo ninalolala nalo na kuamka nalo, nami nikaogopa. Niliona nikisema ndiyo, nimemsukuma shimoni kwa mkono wangu.

"Hapana," nikasema. "Mimi na Mungu tunaongea kila siku."

"Haya, mama." Akaleta ncha zake kwenye zangu, akachukua shuka. "Basi ni mimi."

Neno lile la mwisho alilisema polepole, na mimi nililiacha lipite.

Alhamisi ikafika, nikashika kalamu nimwandike. Nimwandike wapi? Mgonjwa siye, hana hata homa. Hakufiwa. Hasafiri. Ikabaki safu moja. Nikamwandika pale, nikajituliza kwamba muhimu ni aombewe. Jina langu mimi sikuliandika popote.

Mwenyekiti wetu ni muuza vyombo, tunamwita Mama Spika kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Alisoma jina la mwanangu, akavua miwani.

"Huyu hatumwachi," akasema. "Kesho mchana tunamfuata hukohuko kwenye cherehani."

Niliomba ruhusa kazini niwahi kabla yao, lakini zamu ilikuwa na mizigo mingi. Nilipofika mlangoni walikuwa tayari ndani, watatu, katika chumba kisichotosha hata wawili. Katikati kasimama mteja, gauni lake limejaa pini.

"Tumekuja kupima magauni," Mama Spika alikuwa anasema.

"Nyote watatu?" binti yangu akauliza, pini mdomoni.

"Tuanze na wimbo kwanza."

"Mimi naomba nisiimbe," mteja akasema. "Nikivuta pumzi nachomwa."

Mama Spika akamwekea binti yangu mkono kichwani. "Mwanangu, shetani amekuahidi nini mpaka ukaacha wokovu?"

"Nani kaacha wokovu?"

"Umeandikwa. Tena na mama yako mzazi."

Binti yangu alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Akaniona pale mlangoni.

"Mama, mimi nilikuambia nimechoka."

"Daftari halina mahali pa waliochoka," nikasema. Ndilo jibu nililompa mtoto wangu mbele za watu. Najiuliza mpaka leo lilitoka wapi.

"Sawa," akasema, wala hakupandisha sauti. "Kama kwenu mtu akichoka si wenu tena, basi acha nitoke kweli. Daftari lisiwe na uongo."

Jumapili hakuja. Ya pili hakuja. Nyumbani ananisalimia vizuri, anapika, ananiulizia mgongo wangu. Angenuna ningejua pa kumshika. Biblia yake ikahamia juu ya kabati, chini ya karatasi za kukatia nguo. Mimi nikazidi kuomba arudi, na kila nikiomba najisikia kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo na yeye amefungiwa nje.

Alhamisi iliyofuata Mama Spika akasema, "Tufunge siku saba kwa ajili ya yule binti. Mama Daftari atatuongoza, maana huyu tangu nimjue hajawahi kuchoka."

Wote wakasema amina. Nikalisikia lile neno la binti yangu siku ya shuka, "Basi ni mimi." Sasa ndiyo nililisikia.

"Nimechoka," nikasema.

"Kazi za hospitali," Mama Spika akasema. "Pole, dada."

"Siyo kazi. Kuomba. Miezi minane sijui naongea na nani."

"Usiseme hivyo mbele ya watu."

"Watu gani? Tuko sita."

Mmoja akakohoa ili asicheke. Mama Spika akasema hii ni vita, tuanze kufunga leo leo.

"Nyinyi fungeni," nikasema. "Mimi naenda kwa mwanangu."

Nilimkuta anashona pindo la pazia refu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Kwa hiyo siku ile ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Mama, mimi nilijua Mungu kabaki na wewe, mimi kaniacha. Nililia hapa mpaka nikachafua gauni la mtu."

"Nisamehe, mwanangu."

Akakata uzi. "Na sasa je? Yupo, hayupo?"

"Yupo. Hilo naliamini. Ila simsikii, na sijui kwa nini."

"Unamwamini vipi usiyemsikia?"

"Hilo nalo sijui."

Akacheka, kwa kweli sikutegemea. "Leo ndiyo umenijibu," akasema.

Nikamwomba tuombe. Nikaanza kama nilivyozoea, "Ee Mwenyezi, mfalme wa wafalme, muumba wa mbingu na nchi," binti yangu akanishika mkono.

"Mama, huu siyo mkutano wa hadhara. Mwambie tumechoka."

"Bwana, tumechoka," nikasema. "Mimi na mwanangu."

"Amina," akasema, akarudi kwenye pindo. Nikamshikia upande wa pili wa pazia lisiburute chini.

Msiniulize kama nimepona. Siku nyingine namsikia Mungu karibu, hata nikiwa namwaga sabuni kwenye mashine, siku nyingine hakuna. Ninachowaonya ni hiki: mtoto akikuambia amechoka na wewe umechoka, usimwonyeshe nguvu usizokuwa nazo. Mimi nilimlinda mwanangu kwa uongo, na uongo ule ndio uliomtoa.

Jumapili iliyopita alikuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nami nikaacha kiti changu cha mbele nikaenda kukaa naye. Hakuimba. Sikumgusa kiwiko aimbe. Wimbo wa pili ulipoanza akaniinamia sikioni, akaniuliza kama ibada itachelewa kwisha. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nataka kumuuliza hilohilo.