Ukoko wa Bibi Freha

Meirav alifungua kabati la roshani akaikuta sufuria inameremeta. Akaifunika, akaifunua tena, kana kwamba mara ya pili mambo yangekuwa mengine. Ndani mlikuwa na alumini tupu, mikwaruzo ya waya wa kusugulia bado mipya. Ukoko haukuwepo.

Asiyejua atauliza, ukoko ni kitu gani mpaka mtu mzima akose pumzi? Huu ulikuwa ukoko wa dafina, chakula cha Sabato, ya mwisho aliyoipika bibi yake. Freha Elharrar aliingia mji wa Ashdod kutoka Moroko na watoto wake na sufuria ile, na kila Ijumaa kabla jua halijazama aliijaza ngano, dengu, nyama na mayai, akaiacha juu ya moto mdogo hadi kesho yake mchana, maana siku ya Sabato Wayahudi hawawashi moto wala hawauzimi. Sabato moja asubuhi moyo ulimgoma. Alikimbizwa hospitali, na waliobaki nyumbani hawakuthubutu kugusa jiko. Sufuria iliungua mpaka nyota zikatoka na Sabato ikaisha. Baada ya matanga, vyombo vilipokuwa vinaoshwa, Meirav aliinyakua sufuria akasema hii haioshwi.

Meirav ni msanii, na si wa kuchora maua. Ni wa wale wanaochukua vitu vya marehemu, wakavimulika taa, watu wakavizunguka kimyakimya. Ule ukoko aliupiga picha kwa zaidi ya mwaka, picha kubwa kama milango, na sasa alikuwa amepewa chumba chake mwenyewe katika maonyesho ya Yafa baada ya Pasaka, kwa mara ya kwanza maishani. Mwisho wa picha zote ingesimama sufuria yenyewe. Tirtza, msimamizi wa maonyesho, alishamwambia wazi kwamba bila sufuria picha zile zingeweza kuwa za lami ya barabarani.

Basi kwa nini aliiacha kwa mama yake? Kwa sababu karakana yake ilikuwa na panya. Aliifunga kwa nailoni, akaitia kabatini, akasema, "Mama, usiiguse," akaondoka. Pasaka haikumpitia hata akilini. Miaka mingi sasa alikuwa anaishi Tel Aviv, anakula mkate siku anayotaka, akasahau kwamba ndani ya dafina mna ngano, kwamba ngano iliyopikwa kwao huhesabiwa chachu, na kwamba wiki ile nyumba ya mama yake haitakiwi kubaki na chembe ya chachu. Kumwachia Zohara, mama yake, ngano iliyogandia sufuriani wakati huo ni kumwachia paka samaki akulindie.

Alimkuta mama yake jikoni anapanga sahani za sikukuu.

"Mama, sufuria umeifanya nini?"

"Nimeiosha. Ilikuwa na ngano. Au ulitaka tukae Pasaka na chachu ndani, kama watu wasio na kwao?"

"Nilikuambia usiiguse."

"Hukusema mpaka lini."

Hapo Meirav alipandisha sauti. Alisema rabi angeiuza kwa maandishi kwa mtu asiye Myahudi hadi sikukuu ipite, kama wanavyofanya kila mwaka na pombe za mjomba. Alisema simu ipo. Mama yake akajibu kwamba hajapata kusikia mnunuzi wa ukoko, na kwamba sufuria za Freha ziling'aa maisha yake yote. Kumweka mbele ya wageni na chombo kichafu ni kumvua nguo.

Meirav alishuka ngazi mbio hadi kiwanja cha nyuma, pale mama yake na majirani walipochomea chachu zao asubuhi. Pipa lilikuwa bado la moto. Ndani mlikuwa na majivu ya mikate ya mtaa mzima, na hakuna macho duniani ambayo yangeyatenga ya Freha. Tena mama yake alikuwa ameshatamka maneno yao, kwamba chachu yote iliyokuwa yake isiwe tena ya mtu, iwe kama vumbi la nchi. Meirav alilipiga pipa teke, akaumia kidole.

Alirudi juu anachechemea. Akasema sawa. Sikukuu ikiisha atapika dafina mwenyewe ndani ya sufuria hiyohiyo na kuiunguza makusudi, na hakuna atakayejua.

"Utatia nini?" mama yake akauliza.

"Ngano. Dengu, nyama, mayai."

"Na nini tena?"

Ukoko ule Meirav aliujua kila ufa, lakini hakuwahi hata siku moja kuuliza ulipikwaje.

"Kuna kitu alikuwa anatia mlango ukiwa umefungwa," Zohara alisema. "Ndicho kilichoifanya iwe dafina yake."

"Kitu gani?"

"Sikijui. Nilimwuliza tangu nikiwa msichana. Ananiambia subiri, Zohara, una haraka ya nini."

Zohara alifuta mikono kwa aproni, ingawa ilikuwa mikavu. Hakumtazama binti yake.

"Nilipoubandua ukoko, kabla sijaupeleka motoni, nilivunja kipande. Nikakitafuna. Nikatafuna mpaka fizi zikauma."

Meirav alikuwa bado na hasira, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Kilikuwa na ladha gani?"

"Mkaa," mama yake alisema. "Mkaa mtupu, mwanangu."