Jogoo Juu ya Mkate wa Serafina

Kwetu Matera, kusini mwa Italia, kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kutambulisha mkate. Wanawake walikanda unga nyumbani, wakaupeleka alfajiri kwenye tanuri la mtaa, na kabla mwokaji hajausukuma ndani, kila mmoja aligandamiza muhuri wake juu ya donge lake. Wetu ulikuwa jogoo. Wa shangazi Serafina, mjane tuliyechangia naye ua, ulikuwa ufunguo. Mkate mmoja uliliwa wiki nzima na zaidi.

Jumapili ile Bi Porzia alikuwa anakuja kuujua mkono wangu. Mwanawe Vito alishasema ananitaka, lakini neno la mwisho lilikuwa la mama yake, nalo lingetoka kwenye mkate.

Nami niliisahau chachu. Siku mbili sikuilisha unga wala maji; nilikuwa nadarizi shuka zangu za harusi. Donge langu likalala bapa kama paka mgonjwa. La Serafina, aliyenipa nimbebee pamoja na muhuri wake kwa kuwa nyonga ilimsumbua, lilikuwa limevimba hadi linainua kitambaa.

"Mbona umeganda, Addolorata?" mwokaji Eustachio alinipigia kelele. "Tanuri halimngoji bibi harusi! Piga muhuri!"

Nikapiga. Jogoo juu ya donge la Serafina. Ufunguo juu ya langu.

Mimi mwenyewe nilimpelekea Serafina ule mkate bapa. Aliugonga kwa kidole, akausikiliza, akanitazama.

"Haya, mwanangu. Asante kwa kunibebea."

Tangu hapo kila mchana nilimwona mlangoni kwake akiloweka vipande kwenye maji, na nyanya na kitunguu, akitafuna kwa upande wenye meno. Nilipita nikihesabu mawe ya ua.

Jumapili mama alimwalika Serafina naye. Bi Porzia aliukumbatia mkate kifuani, akaukata kisu kikimjia mwenyewe. Ganda likalia. Akanusa, akatafuna polepole.

"Ehe! Nani kakufundisha kukanda hivi?"

Serafina ndiye aliyejibu.

"Nani amfundishe? Kazaliwa na mkono huo. Mimi mwenyewe wiki hii wangu nimeuharibu. Uzee, dada."

"Serafina kuharibu mkate?" mama alicheka. "Basi dunia imekwisha!"

"Kwa hiyo wa harusi utaukanda wewe," Bi Porzia aliniambia, tayari ameshika kipande cha pili.

Uso ulinichoma kama nimeinamia mdomo wa tanuri. Kama Serafina angenisuta, ningekana. Lakini alikuwa amenisitiri, huku kidoleni ana punje ya ganda la mkate wake mwenyewe, anailamba kama mgeni.

Nilivuka ua, nikauchukua mkate mezani kwake, nikauweka mbele yao. Uligonga meza kama tofali.

"Huu ndio wangu. Huo mnaokula ni wa shangazi. Nilibadilisha mihuri."

Mama alijiziba mdomo. Bi Porzia hakupandisha sauti. Alifuta kisu, akajifunga shali.

"Umenilisha jasho la mjane, na yeye akala takataka zako." Alifika mlangoni, akageuka. "Nitarudi mkate huo ukiisha. Uumalize wewe mwenyewe. Na kuku wasipewe hata chembe."

Mama hakutaka kuuona mezani petu. Nikaulia kwa Serafina, siku tisa, yeye akinisogezea bakuli la maji ya kulowekea. Hakunisema hata mara moja. Wake, ambao mama alimrudishia, aliukata kuanzia pembeni, taratibu, akizunguka katikati penye muhuri. Na kila nilipoinua macho, jogoo wetu alikuwa bado yuko pale, ananitazama.