Kaseti ya Jumatatu ya Pasaka

Kageha hakuwa mwanamke wa kuchukizwa upesi. Kila alfajiri pale Kawangware alipokea matumbo ya ng'ombe yangali na joto, akayapasua, akamwaga uchafu wake mtaroni, akayakwangua kwa kisu mpaka yakawa meupe. Wapita njia walioziba pua asubuhi walirudi saa sita kuyala na ugali. Inzi, damu, harufu ya nyongo, vyote alivizoea. Ndiyo maana wapangaji waliomwona Jumamosi ile ameinamia reli ya ghorofa ya pili kule Gatina, akitapika, walidhani ameshikwa na malaria.

Alikuwa ametoka kusikiliza muziki.

Wasikilizaji walikuwa wanne, na walikutana kila Jumamosi saa nane mchana kwa Chris, karani mmoja aliyekuwa na chumba kikubwa na redio ya kaseti yenye spika mbili za mbao. Walichosikiliza kilikuwa kimoja tu: bendi ya Dunga Express, iliyopiga miaka mingi katika baa moja ya Kisumu Ndogo, kule Kibera, mpaka ikavunjika mwaka wa tisini na nne. Wimbo wao kwenye sahani ya santuri ulikuwa wa dakika tano. Wimbo uleule ukipigwa baa ungeweza kwenda nusu saa, na hakuna siku mbili zilizofanana. Ochuodho, kiongozi wao, akishaanza kutembeza vidole kwenye gita, hata aliyekuwa amemwagiwa pombe alisahau kugombana.

Fundi wa redio aitwaye Dalmas alikuwa amezirekodi siku hizo. Aliweka mashine yake juu ya stuli kando ya jukwaa, akaketi karibu nayo kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Kaseti zilifika sitini na tatu. Chris, Dalmas na Kageha, pamoja na Mzee Habib, Mnubi mwenye nyumba za kupangisha kule Makina, waliamua mwaka wa tisini na sita kuzisikiliza zote kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza. Walilinganisha, walibishana, Chris akaandika kwenye daftari siku gani besi ilichelewa na siku gani mpiga ngoma alikuwa amelewa.

Lakini moja hawakuhitaji kuibishania. Kaseti ya Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa tisini na mbili, wimbo wa "Barua ya Yala". Dalmas alikuwa ametoa nakala nyingi za hiyo, na kila shabiki wa Dunga Express alikuwa nayo. Ilianza moja kwa moja na gita. Dakika ishirini na mbili Ochuodho alipiga bila kuimba neno, akipanda, akishuka, akirudi mwanzo na kutafuta njia nyingine. Watu waliulizana siku hiyo alikuwa amekunywa nini. Na dakika ya nne, nyuma kabisa ya gita, ulisikika mlio mwembamba wa mwanamke, kigelegele kimoja kirefu, kama kwamba naye alikuwa ameshindwa kuvumilia utamu ule.

Hicho kigelegele kilikuwa na sifa zake. Kila kilipofika, Chris alitia vidole mdomoni akapiga mluzi, na Kageha akajibu kwa kigelegele chake. Yeye alikuwepo siku ile. Alikuwa amecheza karibu na mlango mpaka viatu vikamtoka. Wenzake walipoanza kusema kwamba sauti ile ni yake, hakukataa. Baada ya muda aliamini hivyo mwenyewe. Aliwahi kumwambia hata mteja, huku anampimia matumbo, kwamba sauti yake iko kwenye kaseti.

Walipofika kwa kaseti hiyo Jumamosi ile, redio ya Chris ikaitafuna nakala yake. Utepe ulitoka umekunjamana kama uzi wa sweta.

"Si neno," akasema Mzee Habib. "Nimewaletea yenyewe."

Kaseti asilia zote zilikuwa kwake, kwenye sanduku la bati, kwa sababu nyumba ya Dalmas ilivuja. Mzee alikuwa amebeba tano za mwaka wa tisini na mbili kwenye mfuko wa karatasi. Dalmas mwenyewe alikuwa hajafika. Alikuwa anamaliza kazi ya mtu. Chris akaitia.

Haikuanza na gita.

Ilianza na Celine. Wote walimjua. Alikuwa mwimbaji wa bendi, binti wa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa palepale Kisumu Ndogo, na wakati ule alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu. Aliimba ubeti wa mwisho wa wimbo mwingine, watu wakapiga makofi, kisha Ochuodho akashika maiki.

"Tulieni kidogo, wapenzi. Mawe yuko hapa leo. Mawe amesema hakuna mtu atatoka hapa na kiu."

Makofi. Mawe alikuwa tajiri mmoja wa malori ya mawe ya kujengea, na akija baa bendi ilimsifu kwa jina.

"Sasa Mawe ana ombi moja tu. Anasema amechoka kumwangalia Celine kwa mbali."

Kicheko.

"Mimi nimekuja kuimba," ikasema sauti ya Celine.

"Anasema amekuja kuimba. Kwani nani amemkataza? Ataimba huko kwa gari."

Kicheko kikubwa zaidi. Kulikuwa na sauti za wanawake ndani yake.

"Ochuodho, sitaki. Tafadhali. Nimesema sitaki."

Alikuwa karibu sana na maiki. Pumzi zake zilisikika zikigonga. Kiti kikaburuzwa. "Mkono wangu," akasema. "Niachilie mkono." Halafu Ochuodho akazungumza mbali na maiki, kwa sauti ya chini ambayo baa haikuisikia, lakini mashine ya Dalmas ilikuwa kando yake tu.

"Mpitisheni mlango wa nyuma. Mimi nitapiga mpaka mrudi."

Na gita likaanza.

Hakuna aliyeinuka kuzima. Kageha alikaza macho kwenye redio, kwenye kile kidirisha ambamo utepe ulikuwa unazunguka polepole. Aliikumbuka siku hiyo. Alimkumbuka Celine akishuka jukwaani katikati ya wanaume wawili, na mmoja wao alikuwa amemshika juu ya kiwiko. Alikuwa ameliona hilo. Kisha gita likaingia, akageuka, akacheza.

"Lakini sikieni hiyo gita," akasema Chris taratibu. "Hii ni safi kuliko ile yetu. Hata besi inasikika."

Mzee Habib akamwangalia.

Mlango ukafunguliwa, Dalmas akaingia na mfuko wake wa vifaa. Alisimama, akasikiliza kidogo, uso ukambadilika.

"Hiyo mmeitoa wapi? Si hiyo. Toa hiyo, Chris. Kuna copy nzuri kwangu."

"Imeanza zamani, Fundi," akasema Mzee Habib. "Tumesikia."

Dalmas akaketi kitandani. Dakika ya nne ya gita ikafika.

Kwenye nakala, na nakala ya nakala, sauti ile ilikuwa imechakaa mpaka ikawa mluzi mtamu. Hapa haikuwa imechakaa. Ilitoka nyuma ya ukuta, ikapanda, ikakatika, na mwisho wake kulikuwa na neno. Neno lilikuwa "mama".

Vidole vya Chris vilikuwa tayari vimefika mdomoni. Na Kageha akahisi ulimi wake mwenyewe umeshainuka, umeshagusa kaakaa, unangoja. Miaka minne alikuwa ameujibu mlio ule. Aliuita wake. Ulimi ukawa mzito mdomoni kama kipande cha nyama ya mtu mwingine, na mate yakajaa. Akatoka nje mbio.

Aliporudi, akijifuta kwa leso, redio ilikuwa imezimwa.

"Ulijua," akamwambia Dalmas.

"Nilijua nini?"

"Ni wewe uliyekata ule mwanzo."

"Niliukata kwa sababu ungeharibu wimbo. Watu wanataka muziki, Kageha. Nani atasikiliza kelele za ulevi?"

"Na mlio je?"

"Mlio uko katikati ya gita. Ningeutoa namna gani bila kukata gita?"

Alisema hivyo bila ubaya, kama fundi anayeeleza kwa nini redio haishiki stesheni. Hilo ndilo lililomchukiza Kageha kuliko yote. Akilini alimwona Dalmas usiku mwingi akiwa peke yake na mkanda ule, anarudisha, anasikiliza, anatafuta mahali pa kukata, anaupita mlio, anaurudia, anaamua ubaki.

"Siku ile ulikuwa umekaa pale karibu," akasema. "Ulimsikia kabla ya mtu yeyote."

"Mimi nilikuwa naangalia sindano ya sauti. Isipande sana." Dalmas akainua macho. "Na wewe ulikuwepo pia. Ulikuwa unacheza."

Kageha akaikunja leso. Alichukua mfuko wake, akashuka ngazi.

Usiku hakulala vizuri. Kilichomrudia si mlio tu. Celine alikuwa ameacha bendi wiki ileile ya Pasaka, na mashabiki wakasema kichwa kimemvimba, ameona bendi ndogo. Bendi ilipoanza kulegea walimlaumu yeye. Mwaka wa tisini na tatu Kageha alikutana naye njiani Kibera, Celine akamsalimu, naye akamwambia mbele za watu, "Wewe ndiye uliyetuharibia bendi." Alikumbuka kwamba baada ya kusema hivyo alijisikia vizuri.

Jumapili, watu wakiwa makanisani, alikwenda Kisumu Ndogo. Celine alikuwa mezani kwa mama yake, mbele ya milima midogo ya omena, anafukuza inzi kwa kipande cha katoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimtambua Kageha mara moja, na uso wake ukafunga.

"Sasa, Celine."

"Poa. Unataka ya ngapi?"

"Sikuja kununua. Nimekuja kuomba msamaha."

Akamweleza, kwa maneno yaliyogongana, habari za Jumamosi, kaseti, Mawe, mlango wa nyuma. Celine alisikiliza huku anasawazisha omena kwa kiganja. Kageha alipofika kwenye ule mlio, mkono ukasimama.

"Unasikika?"

"Unasikika."

"Na gita likiendelea?"

"Likiendelea."

 Mteja alikuja, Celine akampimia, akamfungia kwa gazeti, akamrudishia chenji.

"Miaka hii yote nimekuwa najiambia ni gita," akasema hatimaye. "Kwamba lilifunika. Kwamba hakuna mtu alisikia, ndiyo maana hakuna mtu alikuja." Akamtazama Kageha. "Sasa umekuja kuniambia mlisikia."

Kageha alikuwa amekuja na msamaha wake kama mtu anayeleta zawadi. Sasa aliona alichokuwa amebeba. Alikuwa amekuja kuutua mzigo wake mwenyewe, akautua juu ya meza ya mtu mwingine.

"Nisamehe," akasema tena, na neno lenyewe likamchukiza.

"Hao rafiki zako wanaipenda sana hiyo kaseti?"

Alitamani kudanganya. "Ndiyo."

"Kuliko zote?"

"Kuliko zote."

Celine akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa bei ambayo alikuwa ameshaikisia.

"Niletee. Si copy. Ile yenyewe."

"Utaifanyia nini?"

"Hiyo si kazi yako."

Jumamosi iliyofuata Kageha alipanda ngazi za Chris saa nane kamili. Walikuwa wamefika mwaka wa tisini na tatu. Redio ilikuwa inalia, daftari lilikuwa wazi juu ya magoti ya Chris, na Dalmas alikuwa anatingisha mguu. Wiki moja tu. Kageha alisimama mlangoni akawatazama, na kwa mara ya kwanza akaisikia harufu ya chumba kile: soksi, chai iliyolala, wanaume wamestarehe.

"Kageha, karibu," akasema Chris kwa furaha. "Tulidhani umetukasirikia. Ingia, hii ya leo besi iko juu."

"Nimekuja kuchukua ile ya Pasaka. Mwenyewe anaitaka."

"Mwenyewe ni mimi," akasema Dalmas. "Nilinunua kaseti, nikarekodi, nikaitunza. Hiyo ni historia ya bendi. Ukitoa moja, mpangilio wote umeharibika."

"Hata mimi naona hivyo," Chris akasema. "Au basi tutoe copy nyingine kwanza, tukianzia pale kwa gita. Dakika ishirini na mbili tu. Halafu umpelekee."

Kageha alimtazama mdomo wake, ule uliokuwa ukipiga mluzi.

"Chris," akasema, "kuanzia leo matumbo utanunua kwa mtu mwingine."

Chris akacheka, akidhani ni mzaha. Hakuna mwingine aliyecheka. Mzee Habib akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa karatasi, akaitafuta kaseti ile, ambayo hakuwa ameirudisha sandukuni, akaitoa. Dalmas alinyanyuka nusu.

"Mzee, hiyo niliiweka kwako amana."

"Najua," akasema Mzee Habib. "Na mimi niliifurahia kama nyinyi. Kaa chini, Fundi." Akampa Kageha bila kumtazama usoni, kisha akachukua kofia yake akatoka mbele yake. Aliteremka ngazi polepole, mkono mmoja ukutani. Nyuma yao, kabla hawajafika chini, redio ikaongezwa sauti.

Kageha alikwenda kwa miguu mpaka Kisumu Ndogo, kaseti ikiwa ndani ya blauzi. Ilikuwa imepata joto la mwili wake alipoitoa. Celine aliigeuza, akasoma mwandiko wa Dalmas ubavuni, tarehe na jina la wimbo na nyota tatu zilizochorwa kwa kalamu nyekundu. Alizitazama zile nyota kwa muda. Kisha akaifunga kwenye gazeti, akaitia mfukoni mwa aproni yake.

Kageha alibaki amesimama. Hakujua anangoja nini.

"Umewazibia wateja njia," akasema Celine.

Akasogea.