Meno ya Mbweha

Mwaka wa tisini na sita, mwaka mmoja kabla ya yale mafuriko makubwa, niliingia kliniki moja ya meno mjini Garissa, gego limenifura hadi jichoni. Mimi niliyezunguka kutoka Mandera hadi Bura nikichokoa fizi za watoto wa watu, niliogopa koleo. Nikakaa kwenye benchi, shali usoni.

Kliniki ile ilikuwa ya wanafunzi wa usafi wa kinywa. Mwalimu wao, mama mmoja wa Machakos, alikuwa na ufundishaji wa ajabu: hafundishi. Analeta mgonjwa, anagawa ubao sehemu tatu kwa chaki, tunajua, hatujui, tutajuaje, halafu anakunja mikono. Mimi nimesoma kwa kudokoa, darasa hapa, darasa pale, lakini mwalimu asiyetoa jibu sikuwa nimemwona.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa Timiro, mtoto wa miezi mitano. Mamake, Bishara, nilimjua mara moja. Siku tisa nyuma nilikuwa kibandani kwake. Naye alinijua kwa shali. Akatazama chini.

Kinsi, mwanafunzi mwembamba mwenye sauti kali, alifungua kinywa cha mtoto. Harufu ikatoka. Nimewahi kulala karibu na mzoga wa ngamia siku ya tatu, na hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa vile ilitoka kwa kiumbe kidogo hivyo. Ufizi wa juu ulikuwa tundu, usaha wa kijani ukichuruzika hadi kidevuni.

"Ameunguzwa na chai," akasema mwenzake, Abdihafid.

"Chai gani inaunguza upande mmoja? Wewe kwenu mnakunywa na shavu moja?" Kinsi akamjibu. Wenzao wakacheka.

"Basi ni utando wa kinywani. Tumpake dawa ya zambarau aende nyumbani. Si ndiyo, Mwalimu?"

"Mimi sijui. Mtajuaje?"

Mtoto analia, wao wanaandika ubaoni! Nilitaka kutema mate.

Kinsi akamwinamia mama. "Walaal, dada yangu, kuna mtu amegusa fizi za mtoto?"

"Hakuna mtu amegusa yeye. Wallahi."

Amemwapia Mungu ili anifiche mimi. Abdihafid alikwisha kushika chupa ya dawa. Angepaka juu tu, na kilichokuwa chini kingeendelea kula taya hadi kimmalize mtoto.

"Kuna majivu mle ndani," nikasema.

Wote wakageuka. "Adeer, mzee wangu, umejuaje?" Kinsi akauliza.

"Niliyashindilia mimi. Alikuwa anahara. Watu wetu wanasema lile jeupe linalovimba chini ya ufizi ni jino la mbweha, ndilo linalomharisha mtoto. Lisipochimbwa, anakufa."

"Ulichimba na kitu gani?"

"Spoku ya baiskeli."

"Uliisafisha?"

"Niliipangusa."

"Na nini?"

Nikainua pindo la shali. Tumbaku na mafuta ya mbuzi yamegandamana pale tangu sijui lini. Kinsi akaziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu hakunigombeza. Alimpa Kinsi bomba lisilo na sindano, lina maji ya chumvi, akamwambia asukume polepole. Majivu yakatoka meusi, donge kwa donge, kisha kipande cha jino, laini kama ganda la yai. Timiro alilia hadi sauti ikakatika. Ikaamuliwa apelekwe wodini haraka kwa penisilini. Mwalimu hakuahidi chochote.

Mlangoni Bishara akanisogelea, akanong'ona kwa Kisomali: "Adeer, kuhara kulipungua kweli. Ule upande wa pili utautoa lini?"

Hilo lilinichafua moyo kuliko usaha. Nimeambiwa hivyo katika vibanda vingapi, nikapewa maziwa, nikanywa! Na huku nilishaona watoto wasiochimbwa wakikua, wakitafuna nyama, nikajifanya sioni.

"Hakuna mbweha, Bishara. Kuhara hupungua kwenyewe. Lile ni jino tu, kama lako. Nilimchimba bure."

Akanishika pindo la shali.

"Na Hawo wangu?"

Hawo alikuwa dadake Timiro. Nilikuwa nimemchimba miaka miwili kabla, na siku ya saba homa ikamchukua. Tulimzika pamoja, mimi nikisema ni kudra.

"Hawo pia," nikasema.

Akanitemea mate usoni. Kisha akamkimbilia Kinsi aliyekwisha kutoka na mtoto kuelekea wodini.